Kadi za Idi Zilizorudi

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Sahaba zake wote. 

Kwa kawaida katika jarida hili huwa naandika makala ya fiqhi. Safari hii kamati imenitaka nieleze habari za kadi za Idi ambazo madrasa yetu ilizitengeneza na kuziuza kwa njia ya simu. Nilisita, kwa sababu habari hiyo ina mahali ambapo mimi mwalimu wenu sikufanya vizuri. Lakini baadhi ya wazazi wamekuwa wakiuliza kwa nini mikeka mipya ilichelewa mwaka mzima, na baadhi ya wanafunzi wanauliza kadi inabuniwaje hata mtu asiyekujua akaipenda kwenye simu na kutoa pesa yake. Maswali haya mawili yana jibu moja, nalo nitalieleza hapa, Insha Allah.

Mimi nimezaliwa na kukulia hapa hapa Tanga, mitaa ya Ngamiani. Nilipokuwa mdogo, miaka ya tisini, kumi la mwisho la Ramadhani likiingia, kadi za Idi zilikuwa zikitandazwa mezani mbele ya maduka ya vitabu. Uliishika kadi, ukaifungua, ukaipapasa ile rangi ya dhahabu uone kama inabanduka, ndipo ukauliza bei. Marehemu baba alikuwa na ami yake Maskati aliyemletea kadi kila mwaka kwa posta, naye alizihifadhi kwenye kopo la biskuti pamoja na vyeti vyetu vya kuzaliwa. Kopo hilo ninalo mpaka leo. Kadi ya mwisho iliyomo ni ya mwaka 2004. Baada ya hapo zilikuja salamu za simu, kwanza maneno matupu, kisha picha anazotumiwa kila mtu kwa mpigo mmoja.

Kwa hiyo wazo la kuuza kadi lilipotolewa, mwezi wa Rajab 1444, yaani mwanzoni mwa mwaka 2023, nilicheka. Nikauliza, nani siku hizi atanunua karatasi? Dada wa mwanafunzi wetu mmoja, ambaye huuza mitandio na mabaibui kwa WhatsApp na Instagram, akanijibu kwa upole: "Maalim, wateja wangu wakimtumia mtu zawadi huniuliza kama nina kadi ya kuambatanisha. Picha ya simu wanaipata watu mia. Kadi imeandikwa jina la mtu mmoja." Sikuwa na la kusema. Tukakubaliana kwamba wanafunzi wakubwa wa darasa la hati wabuni, mimi nisimamie, na faida inunue mikeka na juzuu.

Katika kadi ya kwanza tulitia kila tulichokipenda: Al-Kaaba, kuba la msikiti, mwezi na nyota, taa mbili, maua, na maneno ya Kiarabu, Kiswahili na Kiingereza. Ikiwa mezani ilipendeza kama nyumba ya harusi. Yule dada akaipiga picha, akaiweka katika duka lake la simu katikati ya mitandio, kisha akanipa simu akisema, "Haya Maalim, itafute kadi yako." Nikapitisha kidole, nikaipita mara mbili bila kuiona.

Hilo ndilo somo la kwanza. Mnunuzi wa kwenye simu hakai mbele ya meza. Kidole gumba chake kinakwenda mbio, na kadi yako anaiona kwanza ikiwa ndogo kama stempu ya posta. Vitu saba katika nafasi ya stempu huwa doa la rangi tu.

Nilipokuwa nikitafuta mfano mzuri, nilikuta stempu hasa. Tarehe 1 Septemba 2001 Shirika la Posta la Marekani lilitoa stempu yake ya kwanza ya Idi, ya senti 34. Aliyeiandika ni Mohamed Zakariya, Mmarekani aliyesilimu, akajifunza hati na kupata ijaza yake Istanbul. Itazameni wanafunzi wangu mkipata nafasi. Haina msikiti, haina mwezi wala taa. Ina maneno ya "Idi Mubarak" kwa hati ya Kiarabu, rangi ya dhahabu, juu ya buluu iliyokoza. Ni karatasi ndogo, na salamu yake inasomeka. Bwana yule alijua kuwa kazi yake itatazamwa ikiwa ndogo, kwa hiyo akachagua jambo moja na kulipa nafasi yote.

Tukarudi darasani tukafuta. Kila mwanafunzi aliambiwa achague kitu kimoja tu, na baada ya kukichora tuliipunguza picha yake kwenye simu mpaka ukubwa wa ukucha, tukaiweka simu juu ya meza na kurudi nyuma hatua tatu. Kisichotambulika hapo kiliachwa. Makuba na taa nyingi vilianguka katika mtihani huo. Kilichosimama kilinishangaza. Kilikuwa ni pindo la ukili, ule msuko wa mkeka ambao bibi zetu wanaujua kwa vidole, likiwa limezunguka maneno mawili makubwa. Yule dada alifurahi akasema kuwa makuba kila muuzaji anayo, lakini mkeka wa kwetu mtu atausimamisha kidole auangalie.

Kabla sijaendelea nitaje mambo mawili ya dini tuliyoyazingatia. La kwanza, kijana mmoja alileta picha nzuri aliyoichukua kwenye intaneti. Nikamweleza kuwa kazi ya mwenzio ni mali ya mwenzio. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika mkutano wake wa tano uliofanyika Kuwait mwezi Desemba 1988, ilipitisha kuwa haki za utunzi na ubunifu ni haki zinazolindwa kisheria, na haifai kuzivamia. Kijana aliifuta, akachora mlango wa nakshi wa jirani yao. La pili, hatukuandika aya ya Qur'ani katika kadi. Idi ikishapita, kadi nyingi huishia chini au jalalani, na hatukutaka kuwa sababu ya maneno ya Allah (S.W.) kukanyagwa.

Kisha ukaja msukosuko wa herufi. Maneno ya Kiarabu tuliyaandika kwa programu ya kompyuta, nami niliyatazama kwenye kioo mara mbili nikayapitisha. Jioni moja mtoto wa juzuu ya Amma alisimama nyuma yangu akauliza, "Maalim, mbona herufi hizi hazijashikana mikono?" Nikatazama, nikahisi joto usoni. Ndugu msomaji, herufi ya Kiarabu hubadilika umbo ikiwa mwanzo, katikati au mwisho wa neno. Programu isiyoijua lugha hiyo huziweka herufi moja moja, tena kuanzia kushoto kwenda kulia. Neno "mubarak" lilikuwa limevunjika vipande na kugeuzwa nyuma mbele, na mimi mwenye stashahada nilikuwa natazama rangi. Fikirini kadi 500 zenye kosa hilo zingetoka katika chuo cha Qur'ani!

Tuliiacha programu. Mwanafunzi wetu mmoja wa kike, mwenye hati nzuri kuliko mimi, aliandika maneno kwa kalamu ya mwanzi na wino mweusi, nasi tukaingiza picha ya mwandiko wake katika kadi. Kwa wanaotaka vipimo: kadi yetu ni A6, yaani milimita 105 kwa 148, inayopatikana kwa kukunja A5 katikati, na bahasha yake ni C6, milimita 114 kwa 162. Ili uchapaji usitoke na ukungu, picha iwe na nukta 300 kwa kila inchi, ambazo kwa A6 ni 1240 kwa 1748. Rangi ya pembeni ipitishwe milimita 3 nje ya mstari wa kukatia, ili kisu kikiyumba kidogo usibaki ukingo mweupe.

Mpaka hapo tulikuwa salama. Sasa nafika mahali pangu.

Tulitaka maneno yawe ya dhahabu. Mchapaji akatuambia kuwa dhahabu ya kung'aa ni karatasi maalumu inayobandikwa kwa joto, na bei yake hatukuiweza. Tukachapa kwa wino wa kawaida, na dhahabu ikatoka rangi ya haradali. Kijani nacho, kilichowaka kwenye kompyuta, kikapoa kwenye karatasi. Sababu yake inafahamika. Kioo cha simu kinatoa mwanga wenyewe, kwa kuchanganya nyekundu, kijani na buluu. Karatasi haina mwanga, inatumia wino wa aina nne, samawati, majenta, njano na nyeusi, na kuna rangi za mwanga ambazo wino huo hauzifikii.

Kadi zilikuwa nzuri hivyo hivyo. Lakini nilipozipiga picha niliziona zimepoa, nikafungua programu ya simu nikaongeza mwangaza, kisha nikaongeza rangi, mpaka haradali ikageuka dhahabu. Chini yake nikaandika: "Maandishi ya dhahabu." Nilijiambia kuwa kila muuzaji anafanya hivyo, na kwamba pesa ni ya mikeka ya watoto wa Qur'ani.

Pakiti ya kadi tano tuliiuza shilingi 8,000. Tulikuwa na pakiti 100, na katika wiki tatu za Ramadhani zikatoka pakiti 64, kila mtu pakiti yake, kwa watu wa Dar es Salaam, Arusha, Dodoma na hapa Tanga. Pesa ziliingia kwa M-Pesa, vifurushi vikapakiwa kwenye mabasi. Nilikuwa nikihesabu mikeka kichwani.

Ujumbe wa kwanza ulitoka kwa mama mmoja wa Dodoma. Hakutukana. Aliandika: "Maalim, kadi nimezipata, shukrani. Ila si hizi nilizoziona." Siku iliyofuata wakaandika wawili, kisha wanne. Katika kikao cha kamati mzee mmoja alisema, na hakuwa na nia mbaya, "Picha ni tangazo tu. Kadi wamepata, Idi imekaribia, watasahau." Nami nilinyamaza, kwa sababu nilitamani iwe hivyo.

Alasiri ya siku hiyo nilikuwa na kipindi cha hadithi na darasa la sita. Nilipofungua kitabu, hadithi iliyofuata ilikuwa ile aliyoipokea Abu Hurayra (R.A.) na kuitoa Imamu Muslim, ya fungu la nafaka. Mnaijua. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akatia mkono wake ndani ya fungu la nafaka, vidole vyake vikakuta unyevu. Akamwuliza mwenye mali, naye akaeleza kuwa ilinyeshewa na mvua. Mtume (S.A.W.) akamwuliza kwa nini asiiweke juu watu waione, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi si miongoni mwake.

Nilifanya jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu nianze kufundisha. Niliiruka. Nikafunua ukurasa, nikaanza hadithi ya mbele yake. Yule binti mwenye hati nzuri akainua mkono: "Maalim, tumeruka moja." Nikamwambia tutairudia kesho. Usiku ule usingizi ulikuja kwa shida.

Nililala nikifikiri juu ya ule mkono wa Mtume (S.A.W.). Mteja wa mezani enzi za baba alikuwa na mkono wa kutia ndani ya fungu. Aliishika kadi, akaipapasa dhahabu, akaamua mwenyewe. Mteja wa kwenye simu hana mkono huo. Ameniazima macho yangu, anaona nilichotaka aone. Basi mwenye kubuni kadi ya kuuzwa kwa picha ana deni ambalo muuzaji wa mezani hakuwa nalo, nalo ni kutia mkono ndani ya fungu kwa niaba ya mteja na kuuleta unyevu juu. Mimi nilikuwa nimemwaga nafaka kavu juu yake.

Kesho yake niliingia darasani na pakiti moja ya kadi na simu yangu. Nikasoma hadithi, nikaweka kadi kando ya picha, nikawapa waangalie kwa zamu. Hakuna aliyecheka. Kisha nikawaeleza yale ambayo mafaqihi wameyafafanua zamani, kwamba mnunuzi akikuta kasoro iliyofichwa ana hiari ya kurudisha bidhaa na kuchukua pesa yake, nayo inaitwa khiyaarul-aybi. Haki hiyo haifi kwa sababu mnunuzi ni mpole au Idi imekaribia.

Jioni tuliwaandikia wanunuzi wote 64, wakiwamo ambao hawakulalamika. Tulisema kuwa picha ilikolezwa, kwamba maandishi si ya dhahabu bali ni ya wino wa kawaida, na anayetaka kurudishiwa pesa yake atarudishiwa yote. Watu 19 walitaka, nasi tukawarudishia shilingi 152,000. Pakiti saba zilirudi kwa basi, na nauli yake nililipa mfukoni mwangu, kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Hesabu ikawa hivi: tulipokea 512,000, tukarudisha 152,000, zikabaki 360,000. Uchapaji ulikuwa 350,000. Faida ilikuwa shilingi elfu kumi. Wazazi wapendwa, hiyo ndiyo sababu watoto wenu walikaa mwaka mwingine mzima juu ya mikeka iliyochanika. Nawaomba radhi.

Mwaka 2024 tulianza tena, kwa woga. Kwanza tulimwomba mchapaji atupe nakala moja ya mfano kabla ya kuchapa zote, tukaacha kabisa rangi ambazo karatasi haiziwezi. Kijani kibichi kikawa kijani cha mkwaju uliokomaa, dhahabu ikaondoka, na mwandiko ukabaki mweusi juu ya karatasi ya rangi ya maziwa. Picha tulizipiga saa mbili asubuhi kivulini barazani, bila jua kali na bila taa. Ya kwanza inaonyesha kadi peke yake, kubwa. Ya pili inaonyesha mkono umeishika, ili ukubwa ujulikane. Ya tatu ni ndani, ili mtu ajue ataandika wapi. Ya nne ni mgongo na bahasha. Nilizilinganisha na kadi yenyewe mkononi, na sikugusa rangi. Maelezo yakataja vipimo, uzito wa karatasi ambao ni gramu 300 kwa mita ya mraba, na sentensi hii: "Rangi ya karatasi imepoa kidogo kuliko inavyoonekana kwenye simu."

Yule dada muuzaji alisema sentensi hiyo itafukuza wateja. Huenda iliwafukuza baadhi. Tulichapa pakiti 60 na kuuza 52, pungufu ya mwaka uliotangulia. Hakuna hata moja iliyorudi. Uchapaji ulikuwa 240,000, mapato yakawa 416,000, na shilingi 176,000 zilizobaki zikanunua mikeka minane na juzuu. Mnaikalia sasa. Yule mama wa Dodoma naye aliagiza. Pakiti moja, bila neno lolote. Nilipoliona jina lake nilikaa kimya kidogo, kisha nikaifunga pakiti yake kwa mkono wangu.

Wanafunzi wangu, wengi wenu mtauza vitu kwa simu mtakapokuwa wakubwa, kama si kadi basi vitenge, samaki au ujuzi wenu. Wazee wetu wamesema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi hata chema kinahitaji kutembezwa, na si haramu kukivalisha vizuri. Chagueni jambo moja likae mbele, liwe la kwenu, lisomeke likiwa dogo. Hiyo ni sanaa, na Allah (S.W.) ni Mzuri, anapenda uzuri. Lakini kabla hujaituma picha, weka kitu chenyewe kando yake, umwite mdogo wako asiyejua bei, umwulize kama ni kimoja. Akisita, usiitume.

Pakiti zile saba zilizorudi sikuzitupa. Nimeziweka kwenye kopo la biskuti la baba, juu ya kadi zake za Maskati.

Tunamwomba Allah (S.W.) atujaalie riziki ya halali, atusamehe pale tulipoteleza, na atukubalie sisi na nyinyi. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.